Utando wa protini kwa matunda yaliyokatwa: kuupika, kuukausha na kuutumia

Chemsha maziwa, zima jiko, yaache kidogo. Juu yake patatanda ngozi nyembamba ambayo mtoto mmoja ataigombania na mwingine ataitoa kwa kijiko akikunja uso. Ngozi ile ni protini ya maziwa iliyoshikana na mafuta kidogo. Wajapani hufanya hivyohivyo kwa maziwa ya soya: huuinua utando kwa kijiti, huuanika, kisha huula au huufungia chakula kingine, na huuita yuba. Soseji nyingi pia zimevishwa protini, kolajeni inayotoka kwenye ngozi ya ng'ombe. Kwa hiyo ninachokwenda kukuelekeza hapa jikoni kwako kimekuwako siku zote. Tofauti ni kwamba safari hii utando tunautaka uwe mkubwa, laini, wa unene mmoja, na utoke kwenye sinia bila kuchanika.

Mimi hukata maembe na matufaa nikapeleka maofisini, Dar es Salaam. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, vifungashio vya vyakula vilivyosindikwa vilisamehewa, kwa hiyo nailoni niliyokuwa nikifunikia bakuli haikuwa na kosa kisheria. Wateja ndio walioanza kuniuliza kwa nini bado naitumia. Nikajibu kwa kucheka miezi kadhaa, mwishowe nikaona aibu, nikaanza kujaribu. Nimeunguza sufuria, nimegandisha lita nzima ya protini ya bei mbaya, na mende wamenilia kazi ya wiki moja. Uyapitie haya kwa kusoma, usiyapitie kwa mfuko wako.

Jua kwanza utando unaweza nini

Utando wa protini ukiwa mkavu huzuia oksijeni vizuri sana, kuliko hata nailoni ya kawaida ya polithini. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, maana oksijeni ndiyo inayolifanya tufaa lililokatwa liwe la kahawia: kisu kinapasua chembe za tunda, kimeng'enya, yaani kichocheo cha asili cha tunda, kilichokuwa kimejitenga kinakutana na hewa, rangi inageuka. Agosti 2016 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walitangaza utando wao uliotengenezwa kwa kasini, protini kuu ya maziwa, wakiwa wameuimarisha kwa pektini ya michungwa, na kilichowavuta watu ni hicho hicho, namna ulivyofungia oksijeni nje.

Maji ni habari nyingine. Protini inapenda maji kama sifongo. Mvuke unapita, na utando ukishalowa unalegea, unakuwa kama ulimi, na hata ile sifa ya kuzuia oksijeni inapungua. Tunda lililokatwa nalo ni maji matupu. Mtu akikwambia atafunga vipande vya tikiti kwa utando wa protini kama anavyofunga kwa nailoni, mwache ajaribu na umwandalie kitambaa cha kufutia meza.

Kwa hiyo matumizi yenye maana ni mawili tu. Ama unachovya kipande cha tunda kwenye protini ya majimaji ili kivae koti jembamba linaloliwa pamoja nalo, ama unatengeneza utando mkavu wa kufunika trei kwa juu, bila kugusana na tunda. Nitaeleza yote mawili.

Jambo la pili la kujua kabla hujanunua chochote: si kila tunda linakubali. Nanasi lina bromelaini, papai lina papaini, hasa likiwa bichi, na kazi ya vimeng'enya hivi ni kukatakata protini. Mpishi yeyote wa pwani anajua hilo hata kama hajui majina yake, ndiyo maana nyama ngumu hupakwa papai bichi kabla ya kupikwa. Machoni pa nanasi, utando wako ni nyama tu. Nilifunika trei ya nanasi kwa gelatini saa mbili asubuhi. Kufika adhuhuri katikati ya mfuniko kulikuwa na tundu la ukubwa wa sarafu, pembeni kunachuruzika ute.

Jaribio ni rahisi. Kata vipande viwili vya utando vya vidole viwili kwa viwili, uviweke kwenye sahani. Kimoja kidondoshee juisi ya tunda unalotaka kuuza, kingine maji matupu. Funika, subiri saa moja, kisha uvute kila kimoja kwa vidole. Cha maji kitakuwa kimelegea lakini kinavutika. Cha juisi kikikatika kama uji uliopoa, tunda hilo liache. Matufaa ni rafiki, ndizi ni rafiki. Maembe yangu hayajanisumbua, lakini lijaribu la kwako, kwa sababu dodo, bolibo na ngowe hayafanani.

Protini ipi?

Gelatini ndiyo ya kujifunzia. Inapatikana, inasamehe makosa, na kesho yake unakuwa na utando mkononi. Loweka gramu 6 kwenye gramu 100 za maji ya baridi kwa robo saa mpaka ivimbe, pasha hadi nyuzijoto 60 bila kuchemsha, tia gramu 2 za gliserini, chuja, mimina. Ina matatizo mawili. Gelatini iliyolowa huyeyuka kwenye nyuzi 30 na kitu, na hilo ni joto la kawaida la mchana Kariakoo. La pili ni asili yake: gelatini nyingi duniani hutokana na ngozi ya nguruwe, nyingine ng'ombe, nyingine samaki. Ukiwauzia Waislamu, nunua yenye alama ya halali inayotaja mnyama. Na wateja wa Kihindi wasiokula nyama hawataigusa hata ikiwa ya ng'ombe au ya samaki. Usimfiche mtu.

Ninayoitumia kwa kazi ya kuuza ni protini ya maji ya jibini, ule unga ambao vijana wa jimu huuita wei. Ukiipasha moto vya kutosha, chembe zake zilizokuwa zimejikunja hukunjuka na kushikana kwa viungo vya salfa, na ikishakauka haiyeyuki tena kwenye maji. Italegea, lakini haitayeyuka. Tafuta aiseleti, yenye protini asilimia 90 au zaidi, isiyo na ladha, sukari wala rangi. Ile ya asilimia 80 ina mafuta na sukari ya maziwa, utando wake hutoka na ukungu. Usidanganyike kutumia maji ya jibini mabichi kutoka kwa mtengeneza jibini ukidhani umeokoa pesa: protini iliyomo haifiki asilimia 1, utachemsha mpaka gesi iishe.

Soya inafanya kazi pia, ni ya manjano na ina harufu ya maharage. Zeini ya mahindi ingekuwa nzuri kuliko zote kwa sababu haiyeyuki kwenye maji, lakini inataka spiriti kali ili iyeyuke, na spiriti karibu na jiko la gesi ni msiba unaosubiri siku.

Vifaa

Mzani wa jikoni unaosoma gramu moja moja. Kipimajoto cha chakula. Sufuria mbili, ndogo iingie ndani ya kubwa. Kitambaa safi cha kuchujia. Karatasi za kupimia pH (kipimo cha uchachu; namba ikishuka, uchachu unazidi), kama unazipata. Mkeka wa silikoni wa kuokea wenye ukingo, au kipande cha perspeksi ulichokizungushia ukingo. Pima maji ya fundi seremala, ile yenye kiputo. Feni. Na gliserini ya chakula. Ile ya kupaka ngozi inayouzwa na marashi ndani yake iache bafuni.

Kuhusu maji nitasema kwa urefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu lita yangu. Nilitumia maji ya kisima. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, na wei inayopashwa moto penye chumvi au kalsiamu hugeuka kuwa kitu kama yai la kuchemsha. Dakika ya 12 nilichanganya, mwiko ukasimama wenyewe. Tumia maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyokusanywa kutoka kwenye mvuke, au ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa. Kwa sababu hiyohiyo usitie ndimu ndani ya sufuria ya wei. pH ikishuka karibu na 5, protini hukatika kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Ndimu ina mahali pake, tutafika.

Kupika

Pima maji gramu 200, unga wa wei gramu 20, gliserini gramu 8.

Nyunyiza unga juu ya maji kidogo kidogo huku ukikoroga polepole. Usipige kama unayepiga mayai. Povu unaloliingiza sasa utalilipia baadaye. Kuna vidonge vitabaki, viache. Funika, weka kwenye friji saa moja, au usiku mzima. Vidonge vitalainika vyenyewe na povu litatua.

Pima pH. Inatakiwa iwe karibu na 7. Ikiwa chini ya 6.5, tia magadi ya kuokea kwa ncha ya kisu, koroga, pima tena.

Weka sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye maji yanayotokota, funika. Wei yenyewe ikifika nyuzijoto 90 anza kuhesabu: dakika 30. Koroga taratibu kila baada ya dakika tano. Mwanzoni inakuwa na weupe hafifu, halafu inang'aa kidogo na kuwa nzito kama mafuta ya kula. Inanuka maziwa yaliyochemka, na kwa mbali sana yai. Harufu hiyo ya yai ni salfa, ndiyo dalili kwamba kazi inafanyika.

Toa, uitumbukize sufuria kwenye beseni la maji ya baridi. Ikifika joto la vuguvugu tia gliserini, koroga, chuja kwa kitambaa. Bila gliserini utapata kitu kinachovunjika kama papadi. Gliserini inakaa kati ya nyuzi za protini na kuziacha ziteleze.

Ukitaka kupunguza mvuke unaopita, kuna nta ya nyuki. Tabora na Singida nta si shida. Gramu 2 zinatosha kwa kipimo hiki. Iingize wei ikiwa bado moto, maana nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kisha upige kwa mashine ya juisi dakika moja ili isambae. Utando utatoka mweupe kama maziwa, na povu litakuwa jingi. Mimi naitia kwenye mifuniko tu, kwenye koti la kuchovya hapana; mdomo unaihisi.

Kisha ngoja viputo vitoke. Nusu saa, saa moja. Vinavyong'ang'ania vitoboe kwa sindano. Kila kiputo utakachokiacha kitakuwa tundu kesho.

Kumimina na kukausha

Sawazisha meza kwa pima maji, pande zote mbili. Meza ikiinama kidogo tu, upande mmoja wa utando utakuwa mnene kama ngozi ya viatu na mwingine utachanika ukiupulizia.

Kipimo changu ni gramu 1 ya majimaji kwa kila sentimita 10 za mraba. Sinia la sentimita 20 kwa 30 linachukua gramu 60, kina cha milimita 1. Likikauka linakuwa na unene wa kama milimita 0.1, sawa na karatasi ya kawaida ya kuandikia. Kipimo nilichokupa hapo juu kinatoa tando tatu za ukubwa huo na kidogo kinabaki cha kuchovyea.

Mimina katikati, polepole, mdomo wa chombo ukiwa karibu na sinia. Inamisha sinia huku na huku mpaka majimaji yafike pembe zote, lirudishe mezani, usiliguse tena.

Maelekezo mengi ya ukaushaji yameandikwa na watu wanaoishi penye hewa kavu. Wao huacha sinia mezani, baada ya siku moja au mbili wanabandua. Dar es Salaam mwezi wa Aprili ukifanya hivyo utakuta kuvu. Mimi nimetengeneza sanduku la mbao lenye wavu juu na chini, ndani kuna taa moja ya kizamani ya wati 40 na feni ndogo ya kompyuta, joto linakaa kati ya nyuzi 35 na 40. Utando unakauka usiku mmoja. Feni isipulize moja kwa moja juu ya majimaji, itatengeneza mawimbi na yatabaki hivyohivyo. Anayeishi Dodoma au Nairobi huenda asihitaji sanduku kabisa.

Utajuaje kwamba umekauka? Gusa katikati kwa mgongo wa kidole: hakishiki. Tazama pembe: zimeanza kuinuka zenyewe. Hapo pitisha ncha ya kisu butu kuzunguka ukingo, shika pembe moja, vuta polepole kwa kulaza, usivute kwenda juu. Sauti yake ni kama ya kubandua stika mpya. Utando mzuri ukiuweka juu ya gazeti unasoma maandishi, na ukiukunja mara mbili haulii.

Ukivunjika, kabla hujalaumu kipimo uache mezani saa chache. Mara nyingi umekauka kupita kiasi tu, na hewa yetu itaurudishia unyevu. Ukivunjika bado, ongeza gliserini gramu 1 safari ijayo. Ukinata vidole, punguza gramu 1. Ukiganda kwenye sinia usitoke, uso wa sinia una mikwaruzo au sabuni haikusuuzwa vizuri.

Kuandaa tunda

Utando hauui vijidudu. Niseme tena kwa sauti: hauui. Protini ni chakula, kwetu na kwa bakteria. Tunda likikatwa kwa kisu kichafu, utando utayafungia hayo maradhi ndani vizuri sana, na bakteria wengine, kama listeria, huendelea kuzaliana hata ndani ya friji.

Osha tunda zima kabla hujalimenya, kwanza kwa maji yanayotiririka kuondoa udongo. Halafu liloweke dakika mbili kwenye maji yenye klorini: dawa nyeupe ya klorini ya asilimia 3.5, isiyo na marashi, mililita 3 kwa kila lita ya maji. Suuza kwa maji safi ya kunywa. Ubao na kisu vipitie maji hayohayo. Kisu kiwe kikali. Kisu butu kinasaga chembe nyingi zaidi, na kila chembe iliyosagwa ni kahawia ya baadaye.

Tunda liwe limeiva lakini linasimama. Embe linalobonyea kwenye kidole ni la juisi. Na liwe limelala kwenye friji kabla ya kukatwa. Utaona sababu.

Sasa ndipo ndimu inapoingia. Kwenye lita moja ya maji baridi yaliyochemshwa tia gramu 10 za vitamini C ya unga, gramu 5 za asidi ya sitriki, ile ndimu ya unga ya kutilia juisi, na gramu 5 za kalsiamu lakteti ya chakula. Vitamini C inazuia ukahawia, kalsiamu inakaza nyama ya tunda isilegee. Kalsiamu kloraidi ni rahisi kupatikana lakini ikizidi inaacha uchungu ulimini. Chovya vipande dakika moja hadi mbili, vitoe, vipange juu ya wavu, uvipulizie feni mpaka visidondoke tone. Funika na chandarua, maana nzi nao wanalijua embe.

Usiwe na haraka hapa. Kikapu kinachochuruzika maji ya kalsiamu kikiingia kwenye sufuria ya wei, wei itaanza kuganda humo humo, vijipande vyeupe kama mtindi. Kidogo juu ya tunda ni heri, kinasaidia koti kushika. Ndani ya sufuria ni hasara.

Koti la kuchovya

Chukua wei uliyoipika, bila nta, uipunguze makali kwa maji yaliyotoneshwa, kiasi kwa kiasi. Bakuli likae juu ya barafu. Chovya vipande kwa nusu dakika, vitoe kwa kijiko cha matundu, virudishe kwenye wavu mbele ya feni kwa dakika 20 hadi 30. Koti likishika, kipande hakinati kwenye kidole na kinang'aa kidogo. Ukiona weupe wa maziwa juu yake, maji ya ndimu hayakukauka vya kutosha.

Kwa matufaa hii ndiyo njia ninayoipenda. Ladha haibadiliki, na mtu hana cha kutupa. Wei iliyobaki kwenye bakuli imwage mwisho wa kazi, usiiweke ya kesho; imeshaingia maji ya tunda na mikono.

Kuna wanaotia mafuta ya karafuu au mdalasini ili kupambana na vijidudu. Yanafanya kazi kwa kiasi fulani, lakini embe lenye harufu ya pilau mimi bado sijampata mnunuzi wake.

Mfuniko wa trei

Trei iwe ya makapi ya miwa au ya karatasi ngumu. Panga vipande vikae chini ya ukingo kwa upana wa kidole. Kata utando uzidi ukingo kwa sentimita moja kila upande. Lowesha ukingo kwa brashi iliyochovywa kwenye maji, usiloweshe utando wenyewe, laza utando, bonyeza kwa kitambaa kikavu ukihesabu hadi kumi. Maji yale kidogo yanaugeuza utando kuwa gundi yake mwenyewe. Hauhitaji stika wala pini.

Toboa matundu matatu au manne kwa sindano. Tunda lililokatwa bado linapumua, na likikosa hewa kabisa linaanza kuchacha; mteja akifungua anakutana na harufu ya kilabu cha pombe.

Na hapa ndipo ubaridi unapotakiwa uwe umetangulia. Tunda la joto likifunikwa na kuingizwa kwenye friji, mvuke wake unapanda, unagota kwenye utando, unakuwa matone, na utando unalegea katikati mpaka unalala juu ya embe. Tunda baridi, trei baridi, friji kati ya nyuzi 2 na 5. Nilipoyafuata hayo matatu mfuniko ulikaa umenyooka hadi jioni, na asubuhi yake ulikuwa umelegea kidogo kama shuka iliyoanikwa.

Matunda yenye mfuniko nayauza siku hiyohiyo. Matufaa yenye koti hayazidi siku mbili kwangu, hata yakiwa yanapendeza macho. Ukibeba kwa bodaboda tumia sanduku lenye barafu, na barafu iwe ndani ya chupa, si iliyovunjwavunjwa, au utafika na trei za uji.

Ukitaka kuuza

Andika kwenye trei, kwa herufi zinazosomeka: INA PROTINI YA MAZIWA. Mtu mwenye mzio wa maziwa hatarajii kuyakuta kwenye tufaa. Ukitumia soya au gelatini, iandike pia, na gelatini uitaje ni ya mnyama gani. Andika saa uliyokata, si tarehe peke yake.

Tanzania, usimamizi wa usalama wa chakula ulihamia Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Mjasiriamali mdogo aanzie ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ya mkoa wake, huwa wanamwongoza mtu mpaka TBS. Kenya ni shirika lao la viwango, KEBS. Nenda na sampuli na kipimo chako kilichoandikwa, maana swali la kwanza utakaloulizwa ni umetia nini humo.

Kuhifadhi na kusafisha

Tando zilizokauka zipange zikitenganishwa kwa karatasi ya kuokea, ziingie kwenye debe la bati lenye mfuniko unaobana, na kifuko cha mchele uliokaangwa mkavu cha kunyonya unyevu. Nilisema bati. Nilianza na boksi la karatasi, juu ya kabati. Asubuhi ya Jumatatu nikakuta kila utando umetafunwa ukingoni kwa ustadi kama lesi ya kanga, na mende mmoja mnene amelala humo hana wasiwasi. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza kama kweli utando huu unaoza, namwonyesha ule uliobaki.

Vipande vilivyoharibika na mifuniko iliyorudi navifukia kwenye kitalu cha mchicha nyuma ya nyumba, chini kidogo, kuku wasivifukue.

Sufuria na sinia zenye mabaki ya wei ziloweke kwanza kwa maji ya baridi, robo saa, kabla ya sabuni na maji ya moto. Ukianza na ya moto, protini inaganda kwenye chuma, na utasugua mpaka mkono uume.